George Orwell na Ukimya wa Wanaojua Kusoma

Wasomaji wetu wengi watakikumbuka kitabu kidogo kiitwacho Shamba la Wanyama, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere na kuchapishwa Nairobi mwaka 1967. Tulikisoma shuleni kama hekaya ya nguruwe na farasi, tukacheka, tukafanya mtihani, kisha tukakisahau. Aliyekitunga hakukusudia kutuchekesha tu. Leo tunayatazama maisha yake kwa sababu yanagusa wajibu unaomhusu kila mbatizwa, yaani kuitafuta kweli na kuisema.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, nchini India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara ya kasumba. Akiwa bado mdogo sana mama yake alimpeleka Uingereza, akalelewa huko na baadaye akasoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kwa ufadhili wa masomo. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1922 alijiunga na polisi wa kikoloni nchini Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, akatumika kwa miaka mitano. Huko aliona kwa macho yake jinsi utawala wa mabavu unavyomharibu anayetawaliwa na anayetawala pia. Mwaka 1927 aliacha kazi.

Baada ya hapo alijishusha kwa hiari. Alilala katika nyumba za maskini mjini London, akaosha vyombo katika hoteli ya Paris, na mwaka 1933 akatoa kitabu juu ya maisha hayo kwa jina jipya la George Orwell. Orwell ni jina la mto ulioko mashariki mwa Uingereza.

Mwishoni mwa mwaka 1936 alikwenda Hispania, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, akajiunga na wanamgambo wa chama kidogo cha kijamaa kilichoitwa POUM. Mwezi Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo, akanusurika. Akiwa bado anauguza jeraha, chama hicho kilipigwa marufuku na wakomunisti waliofuata maagizo ya Moscow, kwa madai kwamba kilimtumikia adui kwa siri. Rafiki zake walifungwa. Yeye na mkewe Eileen walitorokea Ufaransa. Uchungu wake mkubwa ulikuwa kuona magazeti yakiwaita wasaliti vijana aliokuwa nao mahandakini. Aliporudi London, mchapishaji wake aliyakataa masimulizi hayo hata kabla hayajaandikwa. Kitabu kilitoka kwingine mwaka 1938, nakala 1,500 tu, na Orwell alifariki nakala hizo zikiwa hazijaisha.

Hapa yatupasa kusema jambo bila kuficha. Orwell hakuwa rafiki wa Kanisa Katoliki. Hakuwa mtu wa imani, na katika Hispania alipigana upande ambao makanisa yalichomwa na maelfu ya mapadre na watawa waliuawa. Mara nyingi aliwashambulia waandishi Wakatoliki wa nchi yake, akiwalinganisha na wakomunisti: aliona kwamba pande zote mbili ziliiweka utii mbele ya ukweli. Hatuwezi kukubaliana naye katika yote. Lakini msomaji mwaminifu hawezi pia kusahau kwamba wakati ule Kanisa lilikuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, iliyoanza mwaka 1559 na kukoma mwaka 1966. Nia ilikuwa kuzilinda roho za waamini. Hata hivyo baadhi ya vitabu vilivyowekwa humo viliondolewa baadaye, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikiri kwamba jamii ya wanadamu ina haki ya kupata habari. Lawama ya mtu wa nje yaweza kuwa kali kupita kiasi na bado ikawa na punje ya kweli.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Orwell alifanya kazi katika BBC, akitayarisha vipindi kwa ajili ya India, na kila neno lilipita mikononi mwa wakaguzi. Mkewe naye alikuwa amefanya kazi katika idara ya serikali ya ukaguzi wa habari. Kisha, kati ya mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944, Orwell aliandika Shamba la Wanyama. Wachapishaji kadhaa walikikataa. Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza katika vita, na mmoja wao alirudi nyuma baada ya kuonywa na ofisa wa Wizara ya Habari. Hakuna sheria iliyokikataza kitabu hicho. Watu waliogopa tu kusema kisichopendwa. Orwell aliandika dibaji kuhusu woga huo, nayo haikuchapwa kitabu kilipotoka mwezi Agosti 1945. Ilisomwa na watu kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Eileen hakuiona siku ya kitabu kutoka, kwani alifariki mwezi Machi 1945 akifanyiwa upasuaji, akamwachia mumewe mtoto mdogo waliyemlea kama wao.

Kisha Orwell alihamia kisiwa cha Jura, huko Scotland, akiwa na kifua kikuu. Huko aliandika riwaya yake ya mwisho, 1984, na sehemu ya kazi ya kuipiga chapa aliifanya akiwa kitandani. Kabla yake, Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ametunga riwaya ya namna hiyo, ambayo serikali ya Kisovieti iliizuia hadi mwaka 1988, na Orwell aliisoma. Mhusika mkuu wa 1984 anafanya kazi ya kusahihisha magazeti ya zamani ili yalingane na matakwa ya watawala wa leo. Lugha yenyewe inapunguzwa mwaka hadi mwaka, ili mtu akose hata neno la kufikiria upinzani. Riwaya ilitoka tarehe 8 Juni 1949.

Katika mwaka huohuo alifanya tendo ambalo wampendao huona aibu kulitaja. Aliipa idara ya siri ya propaganda ya serikali yake orodha ya watu 38, wengi wao waandishi na wanahabari, ambao kwa maoni yake hawakufaa kuaminiwa kwa kazi hiyo. Baadhi wanamtetea, wengine wanamlaumu. Sisi tunaona hapa udhaifu wa mwanadamu: hata aliyetuonya juu ya kupelelezana aliwaandika wenzake majina. Hakuna aliye salama na kishawishi hicho.

Alifariki London tarehe 21 Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46. Ingawa hakuwa mwamini, aliacha wosia azikwe kwa ibada ya Kanisa la Anglikana, naye analala katika makaburi ya kanisa la kijiji cha Sutton Courtenay.

Tukirudi katika Shamba la Wanyama, yupo mnyama ambaye huenda tulimpita haraka tulipokuwa shuleni. Kwenye shamba lile amri zilizoandikwa ukutani zilibadilishwa usiku, na wanyama wengi hawakugundua kwa sababu hawakujua kusoma vizuri. Punda alijua kusoma sawasawa na nguruwe, lakini aliona hakuna linalostahili kusomwa, akanyamaza miaka yote. Siku gari lilipokuja kumchukua farasi mchapakazi, rafiki yake, ndipo punda alipowasomea wenzake maneno yaliyoandikwa ubavuni: lilikuwa gari la mchinjaji. Farasi alikuwa ndani tayari.

Sisi mapadre, walimu, makatekista na wote tuliopewa nafasi ya kusoma, tujiulize ni mara ngapi tumeliona neno likibadilishwa ukutani, katika hesabu za kigango, katika mkutano wa kijiji au katika ofisi, tukanyamaza kwa kuwa halikutuhusu. Kusoma tumepewa kwa ajili ya wengine. Tumwombe Mungu atujalie kusema mapema, kabla gari halijaondoka.