James Chuma

James Chuma (mnamo 1850 – 1882) alikuwa kiongozi wa misafara kutoka kabila la Wayao. Anakumbukwa hasa kwa kubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, lakini ndiye pia aliyeongoza msafara ulioanzisha misheni ya Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo.

Utoto
Chuma alitekwa na kuuzwa utumwani akiwa bado mtoto. Mwaka 1861 alikombolewa na Livingstone pamoja na askofu Charles Mackenzie wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, akalelewa Magomero (leo nchini Malawi). Mwaka 1864 Livingstone alimpeleka Bombay, Uhindi, ambako alisoma na kubatizwa kwa jina la James.

Safari na Livingstone
Mwaka 1866 alijiunga na safari ya mwisho ya Livingstone, iliyoanzia Mikindani na kufuata mto Ruvuma, kusini kwa uwanda wa juu wa Makonde. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo (leo nchini Zambia). Chuma, Abdullah Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600. Karibu na Tabora, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wauzike hapo, walikataa. Walifika Bagamoyo Februari 1874.

Uingereza
Hata hivyo, Chuma na Susi hawakuchukuliwa pamoja na mwili. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wao walifika baada ya mazishi, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu. Walimsaidia kasisi Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za Livingstone, wakimweleza mambo waliyoyashuhudia wenyewe.

Walikaribishwa pia Newstead Abbey, karibu na Nottingham. Hapo palikuwa monasteri ya Waaugustino tangu karne ya 12 hadi ilipofungwa na mfalme Henry VIII mwaka 1539. Majengo yakauzwa kwa ukoo wa Byron, yakawa makazi ya kibwanyenye yenye mashamba. Mmiliki wa wakati huo, William Webb, alikuwa amemkaribisha Livingstone humo miaka kumi kabla. Chuma na Susi walipigwa picha hapo pamoja na Waller na watoto wa Livingstone.

Masasi na miaka ya mwisho
Baada ya kurudi Unguja, mwaka 1876 Chuma aliongoza msafara wa askofu Edward Steere kutoka Lindi, uliowapeleka bara watu waliokombolewa utumwani kama yeye mwenyewe. Walipofika Masasi waliamua kukaa, na kijiji chao kikawa chanzo cha kazi ya UMCA katika Masasi na Newala.

Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston kutoka Dar es Salaam. Johnston alipofariki njiani, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alishika nafasi yake akitegemea uzoefu wa Chuma, na msafara ulirudi pwani salama mwaka 1880.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 32 hivi.