Alfred Wegener: mgeni aliyesema mabara yanatembea

Januari 2002 nilikuwa mwalimu kijana mjini Gisenyi, nimerudi nyumbani kutoka Tanzania nilikosomea. Volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava ndani ya Goma, watu kwa maelfu walivuka mpaka kuja kwetu, magodoro kichwani. Mama mmoja mfanyabiashara aliniuliza kwa nini moto uwe Goma, na Kigoma anakofuata dagaa usiwepo. Nilikosa la kusema. Nikarudi vitabuni, huko nikakutana na Wegener.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1880. Alisomea elimu ya nyota, kisha akashika kazi ya hali ya hewa. Mwaka 1906 yeye na kaka yake Kurt walikaa angani ndani ya puto saa 52, rekodi ya wakati ule.

Mwaka 1912 alitangaza kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja, yakaachana. Alionyesha jinsi ukingo wa Afrika unavyolingana na wa Amerika Kusini, na mabaki ya viumbe wa kale wanaofanana pande zote mbili. Bonde letu la Ufa alilihesabu kuwa mahali Afrika inapoanza kupasuka. Wanajiolojia wengi walimkataa: hakuwa mwenzao, na nguvu alizozitaja hazikutosha kusukuma bara.

Novemba 1930 alifia kwenye barafu ya Greenland, akirudi kutoka kituo cha ndani alikowafuata wenzake kwa msaada. Rasmus Villumsen, mwenyeji aliyefuatana naye, alimzika kwa heshima, lakini yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Miaka ya 1960 utafiti wa sakafu ya bahari ulionyesha kwamba mabara kweli husogea. Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa, yanayokwenda sentimita chache kwa mwaka. Volkano nyingi ziko kwenye kingo zake. Mabamba yanapoachana, mwamba wa moto wa chini hupanda, mgandamizo hupungua, nao huanza kuyeyuka. Bamba moja linapozama chini ya jingine, kama Japani, maji linayoshuka nayo husaidia mwamba kuyeyuka. Mabara yakigongana, kama kwenye Himalaya, milima huinuka lakini volkano ni adimu.

Na Kigoma? Ziwa Tanganyika limo katika ufa uleule, ila ufa peke yake hautoshi. Lazima mwamba wa chini uwe na joto la kutosha kuyeyuka, na ulioyeyuka upate njia ya kufika juu. Kwa hiyo kandokando ya Tanganyika ardhi hutetemeka tu, na kwa Nyiragongo moto hutoka.

Mei 2021 ulitoka tena, na watu wakavuka tena. Mama yule sikumwona. Kama unasoma, mama, jibu lako ndilo hilo. Unisamehe kwa kuchelewa.