Josef Albers

Josef Albers (Bottrop, Ujerumani, 19 Machi 1888 – New Haven, Marekani, 25 Machi 1976) alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa na ubunifu. Anakumbukwa pia kwa kuwafundisha wanafunzi kubuni vitu kwa kutumia malighafi duni kama magazeti, majani makavu na waya.

Maisha

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kwake alijifunza kazi za mikono. Albers alifundisha shule ya msingi, kisha akasomea sanaa Berlin, Essen na Munich. Mwaka 1920, akiwa na miaka 32, alijiunga na shule ya Bauhaus mjini Weimar. Kwa kuwa hakuwa na pesa za vifaa, aliokota vioo vilivyovunjika jalalani na kuvitengenezea picha. Shule ilimtaka asomee uchoraji wa ukutani. Alipokataa alikuwa hatarini kufukuzwa. Badala yake, baada ya kazi zake kuonekana, alikabidhiwa karakana ya vioo. Alianza kufundisha mwaka 1923.

Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kutokana na shinikizo la Wanazi. Albers na mke wake, mfumaji Anni Albers, walihamia Marekani, ingawa yeye alijua Kiingereza kidogo sana. Alifundisha Black Mountain College, North Carolina, hadi 1949, halafu Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1950 hadi 1958.

Ufundishaji

Katika kozi ya awali ya Bauhaus aliwagawia wanafunzi magazeti, wayageuze kuwa kitu kipya bila kupoteza karatasi. Wengine walitengeneza ngome na meli. Albers aliona kwamba vitu hivyo vingefaa zaidi kwa mawe au chuma. Alimsifu aliyeikunja karatasi tu hadi ikasimama wima, maana mkunjo ulikuwa umeipa karatasi laini nguvu yake yenyewe. Kwake, uhaba ulimlazimisha mwanafunzi kuichunguza malighafi kabla ya kuiga kazi za wengine.

Kati ya wanafunzi wake wa Black Mountain ni Ruth Asawa, maarufu kwa sanamu za waya, na Robert Rauschenberg, aliyetumia vitu vilivyotupwa katika kazi zake. Mwaka 1963 Albers alitoa kitabu Interaction of Color, kinachofundisha rangi kwa mazoezi ya vipande vya karatasi.