John Bardeen: Mwanafizikia mnyamavu aliyefumbua siri ya safari ya elektroni

FUNDI anayefungua simu iliyoharibika kwa bisibisi kando ya barabara kule Kawangware, na mhudumu wa M-Pesa katika kibanda cha mabati mtaani Kibera, huenda hawajawahi kulisikia jina la John Bardeen. Hata hivyo, riziki ya wote wawili inategemea kifaa ambacho msomi huyo alishiriki kukivumbua mnamo Desemba 1947.

Bardeen, aliyeaga dunia mwaka 1991, ndiye mtu pekee aliyewahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili. Tuzo zote mbili zilitokana na swali moja lililomshughulisha maishani: elektroni husafiri vipi ndani ya kitu kigumu, ilhali humo zimesongamana kwa idadi isiyohesabika na kila moja inasukumwa na nyingine?

Alizaliwa Mei 23, 1908 mjini Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Babake, Charles, alikuwa mkuu wa kitivo cha utabibu katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Mamake, Althea, alifariki kwa saratani mwaka 1920, kijana huyo akiwa na umri wa takriban miaka 12. Licha ya pigo hilo, alijiunga na chuo kikuu akiwa na miaka 15 tu na kusomea uhandisi wa umeme.

Baada ya masomo aliajiriwa katika maabara ya kampuni ya mafuta ya Gulf mjini Pittsburgh. Mwaka 1933, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umezorota na kazi zilikuwa adimu, aliacha mshahara huo na kurejea darasani, safari hii katika Chuo Kikuu cha Princeton. Huko alifunzwa na Eugene Wigner, mmoja wa waliotumia fizikia mpya ya kwanta kueleza tabia za metali. Alihitimu shahada ya uzamifu mwaka 1936.

Uvumbuzi wa transista

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, Bardeen aliajiriwa na maabara ya Bell, New Jersey. Mkuu wa kundi lao, William Shockley, alikuwa amebuni kifaa cha kukuza mawimbi ya umeme, lakini kila kilipojaribiwa hakikufanya kazi. Bardeen ndiye aliyeng'amua kiini cha tatizo: baadhi ya elektroni zilikuwa zimenaswa kwenye uso wa fuwele, zikawa kama ukuta uliozuia nguvu za umeme kupenya ndani.

Mnamo Desemba 16, 1947, yeye na rafikiye Walter Brattain waligusisha ncha mbili za dhahabu, zilizokaribiana mno, kwenye kipande cha gemaniamu. Mkondo mdogo wa umeme ulioingia kupitia ncha moja uliweza kutawala mkondo mkubwa uliopita katika ncha ya pili. Transista ikawa imezaliwa.

Kabla ya hapo, redio zilitegemea vali za kioo zilizokuwa kubwa, zenye joto kali na zilizoungua mara kwa mara. Transista ilileta redio ndogo za betri, zilizosambaa hadi vijijini Afrika Mashariki. Vizazi vyake ndivyo vilivyojaa kwa mabilioni ndani ya simu, na bila hivyo M-Pesa isingezinduliwa nchini Kenya mwaka 2007.

Ufanisi huo ulizua uhasama. Shockley, aliyeudhika kwamba uvumbuzi ulifanyika bila mkono wake, alianza kuwatenga wenzake wawili katika utafiti uliofuata. Bardeen hakuzozana naye hadharani. Mwaka 1951 alijiuzulu na kuhamia Chuo Kikuu cha Illinois. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Bardeen alikuwa debe lililojaa. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi cha kubandikwa jina la John Mnong'onaji.

Fumbo la miaka 46

Mkazi wa Kibera hahitaji kufundishwa kwamba nyaya za umeme hupata joto. Nyaya nyembamba zilizounganishwa kiholela na kubebeshwa mzigo wa nyumba nyingi ni hatari, na mikasa mingi ya moto katika mitaa ya mabanda imehusishwa na hitilafu za umeme. Joto hilo hutokea kwa sababu elektroni hugongana na atomu zinazotikisika na kupoteza nishati njiani. Hali hiyo huitwa ukinzani.

Lakini mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Uholanzi aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi takriban nyuzi 269 chini ya sufuri, ukinzani wake hutoweka kabisa. Magwiji kama Albert Einstein, Niels Bohr na Richard Feynman walijaribu kueleza sababu wakashindwa.

Mwaka 1957, Bardeen na vijana wawili, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walitoa jibu. Elektroni moja inapopita huvuta kidogo atomu zilizo kando yake, na mvuto huo huita elektroni nyingine. Hivyo, mbili ambazo kwa kawaida husukumana huwa jozi. Wenzi hao hawaendi sako kwa bako, kwani baina yao huwa na jozi nyingine chungu nzima, na zote husafiri kama kitu kimoja.

Mfano ni kichochoro cha Kibera jioni, watu wanaporejea kutoka kazini. Anayetembea peke yake hugongana na wengine na kuishiwa nguvu njiani. Lakini halaiki ikishikana mikono na kwenda kwa hatua moja, kizuizi kidogo hakiwezi kumwangusha mmoja wao.

Nadharia hiyo ilieleza tabia ambayo leo inatumika katika sumaku za mitambo ya MRI, inayowapiga wagonjwa picha za ndani ya mwili.

Chanda chema huvikwa pete. Bardeen alituzwa mwaka 1956 pamoja na Shockley na Brattain. Mfalme wa Uswidi alimtania kwa kwenda na mmoja tu kati ya watoto wake watatu, naye akaahidi kuwapeleka wote safari ijayo. Mwaka 1972 alitimiza ahadi hiyo, alipotuzwa pamoja na Cooper na Schrieffer. Awali alikuwa amehofia kwamba tuzo yake ya kwanza ingewanyima wenzake hao haki yao.

Mwaka 1986 ziligunduliwa kauri zinazopoteza ukinzani katika baridi isiyo kali sana. Bardeen, akikaribia miaka 80, aliingia tena kazini kutafuta sababu. Alifariki Januari 30, 1991 mjini Boston kutokana na ugonjwa wa moyo, kabla ya kupata jibu. Wanawe James na William walifuata nyayo zake katika fizikia.

Wataalamu bado hawajaafikiana kuhusu kauri hizo, wala haujapatikana waya wa kawaida unaopitisha umeme bila hasara katika joto la Nairobi. Atakayeupata, awe wa Illinois au wa Kawangware, atakuwa amemalizia kazi ambayo mzee huyo aliiacha mezani.