Howard Penman: Mwanafizikia aliyepima kiu ya mazao

Wafanyabiashara wanaovusha mchele, vitunguu na nyanya mipakani wanajua kuwa bei ya mzigo huanzia kwenye maji ya shambani. Mfereji ukikauka, gunia hupanda bei. Lakini ni wachache wanaolijua jina la Howard Penman, Mwingereza aliyetafuta jibu la swali linalomsumbua kila mwenye shamba: je, zao linahitaji maji kiasi gani?

Penman alizaliwa Aprili 1909 huko Dunston, kaskazini mashariki ya Uingereza. Hakusomea kilimo bali fizikia. Mwaka 1937 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini ya London, kituo kilichoanzishwa mwaka 1843.

Wakati huo mahitaji ya maji ya zao yalijulikana zaidi kwa kukisia, au kwa majaribio ya miaka mingi ambayo yalifaa pale tu yalipofanyika. Penman alilitazama jambo hilo kwa macho ya fizikia. Maji yanayotoka kwenye udongo na majani huondoka kama mvuke. Ili yaondoke panahitajika joto la jua la kuyageuza kuwa mvuke, na hewa kavu yenye upepo ya kuuchukua mvuke huo. Mama anayeanika nguo analijua hilo vizuri: siku ya jua na upepo nguo hukauka upesi, siku ya mawingu na unyevu hushinda kambani.

Alitumia mapipa makubwa yaliyozikwa ardhini. Mengine yalikuwa na maji matupu, mengine udongo mtupu, na mengine udongo uliooteshwa nyasi. Alipima maji yaliyopotea katika kila pipa, akalinganisha na jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, yakiwa na fomula inayobeba jina lake hadi leo. Kwa hali ya hewa ya Uingereza aliona kuwa nyasi zilizonyweshwa vya kutosha hupoteza kwa mwaka takriban asilimia 75 ya maji yanayopotea kwenye maji ya wazi.

Jambo kubwa lilikuwa hili: zao lililofunika ardhi na lisilokosa maji hutumia maji kwa kadiri hali ya hewa inavyotaka. Kwa hiyo, mwenye vipimo vya hali ya hewa angeweza kukadiria mahitaji ya shamba bila kusubiri miaka.

Penman hakuishia kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 1951 aliendesha majaribio ya umwagiliaji huko Woburn, kwenye udongo wa kichanga, katika nchi ambayo wengi waliamini mvua yake inatosha.

Kazi hiyo ilifika kwetu mapema. Katika kituo cha Muguga, karibu na Nairobi, kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, watafiti waliichukua fomula yake. Mwaka 1957 Charles Pereira alichapisha vipimo vya maji yanayotumiwa na kahawa nchini Kenya, ili kuongoza umwagiliaji. Mwaka 1965 McCulloch alitoa majedwali ya kurahisisha hesabu za Penman, yaliyozingatia pia mwinuko wa nchi, kwa kuwa mashamba mengi ya huku yako juu milimani.

Fomula ilikuwa na upungufu. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu vya majani yake, na hesabu ya mwanzo haikulihesabu hilo. Mwaka huohuo wa 1965 John Monteith, aliyefanya kazi naye Rothamsted, aliliongeza. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo unaotumia fomula ya Penman na Monteith, na wahandisi wa umwagiliaji duniani kote wanaufuata.

Penman alichaguliwa mwaka 1962 kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Aliongoza idara ya fizikia hadi alipostaafu mwaka 1974, akafariki Oktoba 1984 akiwa na umri wa miaka 75.

Kwa aliyerejea nyumbani na kuanza upya na kipande cha shamba kando ya mto, hesabu hii si ya maprofesa peke yao. Milimita 1 ya maji kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Zao linalotumia milimita 5 kwa siku linahitaji lita 50,000 kwa hekta, yaani mapipa 250 ya lita 200. Akipungukiwa, mavuno yanakwenda. Akizidisha, anachoma mafuta ya pampu bure, anaosha mbolea, na jirani wa chini anabaki na mfereji mkavu. Ugomvi mwingi wa maji ungepungua kama watu wangeanza kwa kupima.