Pavlov na mirija ya ute wa yai

Tarehe 27 Februari mwaka 1936 alifariki dunia mjini Leningrad mwanafiziolojia mashuhuri wa Kirusi, Ivan Petrovich Pavlov, akiwa na umri wa miaka 86. Wengi wetu tunamjua kwa mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia ishara tu, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 hakupewa kwa ajili hiyo. Alipewa kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, nasi leo tunamkumbuka kwa kazi hiyo.

Pavlov alizaliwa mwaka 1849 mjini Ryazan, mtoto wa kasisi. Alianza kusomea ukasisi, akaacha, na mwaka 1870 akaingia Chuo Kikuu cha Saint Petersburg.

Wasomaji wetu wa Wadi Kabir, Maskati, kama walivyo ndugu zao wa Unguja, wanajua kuwa papai bichi hulainisha nyama ya mishkaki. Linalofanya kazi hapo ni kimeng'enya kinachovunjavunja protini. Tumboni mwetu kazi hiyo hufanywa na pepsini. Lakini nguvu ya kitu kisichoonekana itapimwaje? Mwaka 1889 daktari Mett, aliyefanya utafiti chini ya Pavlov, alitumia mirija myembamba ya kioo iliyojazwa ute wa yai ulioganda kwa joto. Mirija hiyo ilitiwa katika maji ya tumbo la mbwa kwa saa 10, katika joto la mwili, kisha zikapimwa milimita za ute ulioyeyuka kwenye ncha zake. Hapo lazima mtu awe mwangalifu: nguvu hufuata mraba wa urefu. Maji yaliyoyeyusha milimita 4 yana nguvu mara 4, si mara 2, ya yale yaliyoyeyusha milimita 2.

Kwa kipimo hicho, ambacho hata jikoni kingewezekana, Pavlov alionesha kuwa maji yanayotoka kwa kula mkate ni makali kuliko yanayotoka kwa nyama au maziwa. Maabara yake ikafikia hata kuyauza maji hayo kama dawa ya tumbo.

Pavlov alishikilia kuwa neva ndizo zinazoongoza kongosho. Mwaka 1902 Bayliss na Starling wa London waligundua sekretini, homoni inayolichochea kongosho kupitia damu. Nadharia yake ilitikisika. Vipimo vyake, kwa maoni yetu, havikutikisika. Mwaka 1938, miaka miwili baada ya kifo chake, Mmarekani Anson alichapisha njia ya kupima pepsini kwa himoglobini badala ya yai, na njia hiyo ingali inatumika maabara.