Dakta Ribeiro wa Punda Milia

Safari hii tunatoka kidogo nje ya Ugogo. Sisi wa Buigiri twajua mji unavyozaliwa na reli: treni ilifika Dodoma mwaka 1910, na nyuma yake wakaja wenye maduka. Nairobi ilitangulia kwa njia hiyo hiyo. Reli ilifika pale mwaka 1899, na mwaka uliofuata akaja Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa aliyesomea udaktari, akapiga hema na kuanza kutibu watu.

Siku hizo daktari wa mji mdogo ndiye aliyekuwa pia mchanganya dawa. Vidonge vya malaria alivyotengeneza Ribeiro vilipata sifa hata, inasimuliwa, kampuni ya dawa ya ng'ambo ikanunua namna ya kuvitengeneza. Wagonjwa aliwazungukia akiwa amepanda punda milia. Wazee wetu, waliozoea punda wa kubeba mtama, watacheka, maana punda milia hafugiki kwa urahisi. Huyu alifugika, na baadaye akauzwa kwenye bustani ya wanyama ya Bombay.

Lakini mimi simkumbuki kwa ajili ya punda. Mwaka 1902 aliletewa wagonjwa, akatambua kuwa wana tauni, ugonjwa wa homa kali na mitoki. Huko alikotoka, pwani ya magharibi ya India, tauni ilikuwa imeua watu wengi sana tangu ilipoingia Bombay mwaka 1896, na dawa ya kuiponya haikuwapo. Kunyamaza kungalimfaa. Alifanya kazi ndani ya soko la Wahindi, na wenye maduka walikuwa jirani zake. Akaenda kutoa taarifa. Serikali ikaamuru soko lichomwe moto, na kliniki yake ikateketea pamoja na maduka ya jirani hao. Naona amri ile ilikuwa na pupa, kwani panya hawangoji moto, hukimbilia nyumba ya pili. Taarifa yenyewe, hata hivyo, ilikuwa haina budi kutolewa.

Baadaye alipewa ardhi karibu na stesheni, akaanza upya. Alipata pia kuwa makamu wa konseli wa Ureno, kwa kuwa Goa ilikuwa koloni la Wareno. Alitoa fedha nyingi kwa shule ya Wagoa, nayo ikapewa jina lake. Alifariki mwaka 1951. Shule hiyo ingalipo Nairobi, inasomesha watoto wa kila asili, na jina la Ribeiro bado limo.